"Papa amesema ndoa yetu ni batili": kisa cha jumuiya moja na nyumba mbili

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea Tanzania mwaka 2016, katika jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki yenye kaya 20 hivi, kwenye parokia ya mji mdogo. Majina si ya wahusika. Idadi ya watoto nimeibadilisha, na jimbo sitalitaja. Kati ya watu wanne wanaohusika zaidi, watatu wameridhia kisa kiandikwe. Wa nne sikumpata, kwa hiyo ya kwake nimeandika yale tu aliyoyasema mbele ya watu.

Mimi nilikuwa kwenye kamati ya ndoa na familia ya parokia, nikifundisha semina za wachumba. Nilikuwepo tangu siku ya kwanza, na kosa mojawapo kubwa katika kisa hiki ni langu. Naandika kwa ajili ya makatekista, viongozi wa jumuiya na wanakamati wenzangu, maana tangu mwaka huo nimeona mambo ya namna hii yakirudi kila mara neno la Papa kuhusu ndoa linapoingia kwenye simu zetu kabla ya kupita kwa padre.

Nyumba mbili

Baba Ester na Mama Ester walifunga ndoa kanisani mwaka 1997. Bibi harusi alikuwa na mimba ya miezi minne. Wazee wa pande mbili walikaa, wakakubaliana, matangazo yakasomwa, na kwa muda wa wiki sita mambo yote yakawa yameisha. Walipata watoto watatu. Mwaka 2014 Baba Ester alihamia mji mwingine kikazi, na kule akaanza kuishi na mwanamke mwingine. Nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Jumuiya nzima ilijua na hakuna aliyesema. Tulimwombea Mama Ester kwa "nia zake" na kuishia hapo.

Baba Deo na Mama Deo walikuwa wamekaa pamoja miaka 23 na kuzaa watoto watano, lakini hawakuwahi kufunga ndoa. Mahari ilibaki ng'ombe wawili na blanketi la mama mkwe. Baba mkwe akafariki, kaka zake Mama Deo wakaanza hesabu upya, na kila mwaka hesabu ikaongezeka. Hata kama mahari ingeisha, kulikuwa na harusi yenyewe: kamati, michango, ukumbi, sare. Baba Deo ni fundi baiskeli. Aliniambia mara moja kwamba hawezi kumwoa mkewe kwa aibu, akimaanisha bila sherehe.

Mama Deo ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya altare. Kila Ijumaa alivichukua sakristia, akavifua peke yake kwenye beseni ambalo halikutumika kwa nguo nyingine, akavipiga pasi ya mkaa juu ya meza iliyotandikwa kanga safi, na Jumamosi jioni akavirudisha vimekunjwa mara tatu kila upande kama alivyofundishwa na masista alipokuwa msichana. Jumapili alikaa benchi la nyuma upande wa kushoto. Watu wakienda kukomunika, yeye alipiga magoti akabaki.

Kisheria serikali ilikuwa imeshamwona kama mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa Kanisa mambo yalikuwa tofauti: Mkatoliki hufunga ndoa mbele ya askofu, paroko au aliyepewa mamlaka nao, pamoja na mashahidi wawili (kanuni ya 1108 ya Sheria za Kanisa). Bila hayo hakuna ndoa, hata kama kuna mapenzi na uaminifu wa miaka 23.

Maneno yenyewe

Alhamisi, 16 Juni 2016, Papa Fransisko alikuwa katika Basilika la Mtakatifu Yohane huko Laterani, akifungua kongamano la kichungaji la Jimbo la Roma. Baada ya hotuba akajibu maswali bila karatasi. Mlei mmoja alimuuliza kuhusu misukosuko ya ndoa na namna ya kuwasaidia vijana. Papa akaeleza jinsi watu wa siku hizi walivyozoea mambo ya muda: wanasema "ndiyo, kwa maisha yangu yote" bila kujua wanachokisema. Kwa sababu hiyo, akasema, sehemu kubwa kabisa ya ndoa zetu za kisakramenti ni batili.

Kesho yake Vatikani ilichapisha maandishi ya mazungumzo yale. Mahali pa "sehemu kubwa kabisa" paliandikwa "sehemu". Msemaji wa Vatikani, Padre Federico Lombardi, alieleza kwamba Papa mwenyewe alikuwa ameidhinisha badiliko hilo.

Katika mazungumzo hayohayo alisema mambo mengine mawili ambayo kwetu yalikuja kuwa na uzito uleule. La kwanza, alipokuwa askofu mkuu wa Buenos Aires alizuia ndoa za haraka, zile zinazofungwa kwa sababu binti ana mimba, kwa kuwa aliona vijana hao hawako huru. La pili, alisimulia watu wa kaskazini-mashariki mwa Argentina ambao hukaa pamoja, wakazaa, wakaenda serikalini mtoto anapoanza shule, na kanisani wakaja wakiwa mababu na mabibi. Alisema ameona uaminifu mkubwa katika nyumba hizo, na kwamba ana hakika ni ndoa ya kweli, yenye neema ya ndoa ya kweli, kwa sababu ya uaminifu wao.

Soma tena nyumba zile mbili, kisha soma maneno haya. Papa hakuijua jumuiya yetu, lakini katika jibu moja aligusa mimba ya Mama Ester na ng'ombe wawili wa Baba Deo.

Yaliyotokea

Jumamosi, 18 Juni, tulisali kwa mwenyekiti saa 12 asubuhi. Baada ya tafakari ya Injili kijana mmoja akatoa simu yake, kioo kimepasuka kona, akasoma ujumbe uliofika usiku: Papa asema ndoa nyingi za kanisani ni batili. Simu ikazunguka kutoka mkono hadi mkono. Wengine walisoma kwa kusogeza midomo.

Baba Ester alikuwepo, jambo la nadra. Simu ilipomfikia alisoma, akamrudishia mwenyewe, akasema: "Basi Papa amesema ndoa yetu ni batili. Tuliozeshwa. Nani aliniuliza mimi?" Mkewe alikuwa ameketi mkekani, hatua mbili kutoka pale. Alikuwa akifungasha rozari yake kwenye kile kikopo kidogo cha plastiki, na mfuniko ulikataa kufunga. Aliendelea kuubana.

Nikajibu mimi. Nilisema: "Ndugu zangu, huo ni uongo wa mitandaoni. Papa hawezi kusema hivyo."

Nilisema kwa nia njema na nilikosea, maana alikuwa amesema. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa na maandishi ya Vatikani kwenye simu yake, akasoma: "sehemu ya ndoa zetu". Kijana wa kwanza akasema ujumbe wake unasema "sehemu kubwa". Mimi nimeshasema yote ni uongo. Ndani ya dakika tano tulikuwa na matoleo matatu ya neno moja. Mzee mmoja wa UWAKA, chama cha wanaume Wakatoliki, akasimama: Papa ndiye mwenye funguo za Petro, akisema amesema. Mwingine akamjibu kwamba Papa huyu analegeza Kanisa, na ule Mwaka wa Huruma alioutangaza umekuwa mlango wa kila kitu. Mama mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, aliuliza swali la pekee lenye maana asubuhi ile: "Kwa hiyo watoto wetu ni wa nje ya ndoa?" Hakujibiwa. Tulifunga kwa sala na watu wakatoka wakiendelea kubishana njiani.

Jioni ukaja ujumbe wa pili, juu ya wale wa Argentina. Mama Deo hakuwa na simu ya namna hiyo, mwanawe alimsomea. Katikati ya wiki alinikuta sokoni akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli Baba Mtakatifu amesema sisi tuna ndoa?" Nikamwambia asubiri, tutasikia kwa paroko. Alikuwa amesubiri miaka 23.

Jumapili, 26 Juni, alitoka kwenye benchi lake akapanga mstari. Mstari wake ulikuwa wa mhudumu wa Komunyo, mwanajumuiya mwenzetu, mtu mwema na mwoga wa kukosea. Alipofika mbele, yule mhudumu aliinua hostia, akamtambua, akaishusha tena kwenye chombo, akamchora msalaba kwenye paji la uso. Mama Deo alisimama pale muda mfupi mikono ikiwa bado imekingwa, kisha akarudi. Kanisa zima liliona.

Ijumaa iliyofuata vitambaa vya altare vilikutwa sakristia ndani ya kikapu chake, vimefuliwa na kukunjwa, na kikapu akakiacha hapohapo. Hakuja tena jumuiya. Mwezi Julai Baba Ester aliacha kutuma pesa nyumbani, akisema mbele ya mwenyekiti kwamba anangoja Kanisa liseme kama ana mke au hana. Kundi la WhatsApp la parokia likajaa sauti zilizorekodiwa: upande mmoja ukimtetea Papa, upande mwingine ukiitetea ndoa. Baadhi ya wanandoa waliacha kusalimiana.

Paroko alisikia habari hizi mapema, lakini ilikuwa majira ya Kipaimara na askofu alikuwa anakuja. Alianza kushughulika baada ya wiki tatu.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kutohubiri juu ya jambo hilo. Tulimsihi sana asimame altareni aweke mambo sawa. Alikataa: mahubiri yoyote juu ya ndoa batili na wanaoishi pamoja yangekuwa mahubiri juu ya watu wawili ambao kila mtu angegeuka kuwatazama.

Badala yake alikuja kwenye jumuiya na padre mgeni anayejua Kiitaliano, wakasoma jibu lote la Papa tangu swali hadi mwisho, sentensi kwa sentensi, kwa karibu saa mbili. Paroko alikiri wazi kwamba Papa alisema "sehemu kubwa kabisa", na kwamba maandishi yalirekebishwa kwa idhini yake. Kisha akafungua hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Kanisa, Lumen Gentium, namba 25, inayosema kwamba nia ya Papa anapofundisha hujulikana kwa aina ya hati, kwa jinsi anavyorudia fundisho lilelile na kwa namna anavyolisema. Akatulinganishia mambo mawili ya mwaka uleule. Mwezi Januari, akiwahutubia majaji wa Rota ya Roma, mahakama ya Papa inayosikiliza kesi za ndoa, kwa hotuba iliyoandaliwa, Papa huyohuyo alisema ubora wa imani ya mtu si sharti la msingi la ridhaa ya ndoa, na kwamba familia anayoitaka Mungu isichanganywe na muungano wa aina nyingine. Mwezi Juni alikuwa mchungaji anayejibu swali na kusimulia aliyoyaona. Yote mawili ni ya kusikilizwa, lakini hayana uzito sawa.

Yule mama wa WAWATA aliuliza tena swali lake, na safari hii akajibiwa: hata pale Kanisa linapotamka kwamba ndoa ilikuwa batili, watoto waliozaliwa ndani yake wanabaki watoto halali (kanuni ya 1137). Nilisikia watu wakishusha pumzi. Kumbe wengi walikuwa wamekaa na swali hilo mwezi mzima.

Kwa Baba Ester paroko alikwenda faragha, kisha akatueleza wanakamati yale tu yaliyohitajika. Alimwambia kwamba ndoa iliyofungwa inalindwa na sheria mpaka kinyume kithibitike (kanuni ya 1060). Hotuba haithibitishi, mume hajithibitishii, wala paroko hana uwezo huo. Ni kazi ya mahakama ya Kanisa jimboni. Hakumdharau. Kulazimishwa kwa hofu kubwa ni sababu halisi ya ubatili (kanuni ya 1103), na mtu aliyeozwa kwa wiki sita kwa sababu ya mimba ana haki ya kusikilizwa. Alimweleza pia kwamba tangu 8 Desemba 2015, kwa barua ya Papa Fransisko iitwayo Mitis Iudex, hukumu ya kwanza ya ubatili haihitaji tena kuthibitishwa na mahakama ya pili, na kwamba Papa ameagiza gharama ziondolewe kadiri inavyowezekana. Mwisho akamwambia mambo ambayo hayahitaji mahakama yoyote ya Kanisa: watoto wanakula leo, na cheti chake cha ndoa ni cha serikali pia. Hukumu ya Kanisa haikivunji. Akitaka hilo, njia ni baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakama ya nchi.

Kwa Mama Deo alikwenda nyumbani, akakaa uani, akamwomba radhi kwa niaba ya parokia kwa lile lililotokea mbele ya altare. Hakumruhusu kukomunika siku ile. Alimwambia kwamba neema aliyoizungumzia Papa, yeye paroko anaiona ndani ya nyumba hii, ila sakramenti bado, na hakuna kinachoizuia isipokuwa mambo ambayo watu wanaweza kuyaondoa. Hapa nadhani aliona vizuri kuliko sisi wote. Miezi ile Wakatoliki kila mahali walikuwa wakibishana juu ya sura ya nane ya Amoris Laetitia, wosia wa Papa Fransisko juu ya familia uliotolewa Aprili 2016, na juu ya tanbihi ya 351 inayogusa msaada wa sakramenti kwa watu wengine walio katika hali zisizo za kawaida. Ugumu mkubwa wa mjadala ule ni watu waliofunga ndoa ya kwanza, wakaachana, wakaingia kwenye ya pili. Baba Deo na Mama Deo hawakuwa na ndoa nyingine popote. Hawakuwa na kizuizi chochote. Walikuwa na deni la ng'ombe. Kwao ilifaa zaidi namba 294 ya wosia huohuo, inayokiri kwamba watu wengine huishi pamoja bila ndoa kwa sababu sherehe ni ghali mno, na kwamba umaskini ndio unaowasukuma humo.

Kwangu mimi uamuzi ulikuwa mfupi. Nisimame jumuiyani niseme nilikosea kuiita habari ile uongo. Nilisimama.

Matokeo

Mwenyekiti wa jumuiya na wazee wawili walisafiri kwa kaka zake Mama Deo. Walirudi bila jibu, wakaenda tena. Mara ya pili walimchukua mama mzazi wa Mama Deo kama shahidi, na yeye ndiye aliyefunga mjadala: alisema mumewe kabla ya kufa alikuwa amesharidhika, na kwamba anachodai yeye ni blanketi lake. Mwishowe ikawa mbuzi mmoja, pesa kidogo na blanketi. Matangazo yakasomwa Jumapili tatu. Jumanne moja ya Oktoba, misa ya saa 12 na nusu asubuhi, wakafunga ndoa mbele ya mashahidi wawili na watu wasiozidi 30, watoto wao watano wakiwa benchi la mbele. Baadaye tulikunywa chai na maandazi kwenye uwanja wa kanisa. Baba Deo alivaa koti la kuazima, na saa tatu alikuwa amesharudi kwenye baiskeli zake. Ndani ya mwaka uliofuata wanandoa wengine wawili waliomba ndoa ya siku ya kazi kama yao.

Baba Ester hakupeleka kesi. Aliyekwenda jimboni, mwanzoni mwa 2017, alikuwa Mama Ester. Sikutegemea. Nilimsindikiza mara moja, na njiani alinionyesha cheti chake cha ndoa ndani ya mfuko wa plastiki. Kilikuwa kimekaa sandukuni pamoja na taa ya mafuta, kikawa kinanukia mafuta ya taa. Nilimuuliza kwa nini anapeleka yeye shauri ambalo likikubaliwa litamwondolea ndoa. Akasema: "Nataka nijue miaka ile nilikuwa nani. Siwezi kuambiwa na simu."

Mashahidi walihojiwa, mshenga akiwa mmojawapo. Mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake ni kuleta hoja za kuitetea ndoa isitamkwe batili kirahisi, alifanya kazi yake. Mwaka 2018 jibu likaja: ubatili haukuthibitika. Ndoa ipo. Mumewe hajarudi, na sidhani atarudi. Mama Ester anaishi na mwanawe wa mwisho, anakomunika kila Jumapili, na matunzo ya mtoto huyo alikwenda kuyadai ustawi wa jamii. Sehemu anayapata. Jioni ile ya kupokea barua aliniambia neno moja tu: "Nilikuwa mke."

Mabishano yenyewe hayakuisha. Novemba 2016 yaliwashwa tena, makardinali wanne, Walter Brandmüller, Raymond Burke, Carlo Caffarra na Joachim Meisner, walipotangaza hadharani maswali waliyokuwa wamempelekea Papa juu ya Amoris Laetitia. Kundi la WhatsApp likajaa tena. Desemba 2023 hati ya Vatikani Fiducia Supplicans ilipotoka, juu ya baraka kwa watu walio katika mahusiano yasiyo ya kawaida wakiwemo wa jinsia moja, tulikuwa na paroko mwingine, na maaskofu wa Afrika walitoa tamko lao la pamoja tarehe 11 Januari 2024 kwa saini ya Kardinali Fridolin Ambongo. Safari hiyo jumuiya yetu ilisoma hati na tamko kabla ya kuongea. Tulitofautiana, lakini hakuna aliyeondoka nyumbani kwake kwa sababu yetu.

Kilichosaidia na kilichoharibu

Nianze na kusoma jibu zima. Saa mbili zile zilifanya kazi ambayo wiki tano za maneno hazikuifanya, na sababu yake, nadhani, ni kwamba paroko hakuficha kitu. Angesema "Papa hakusema", angeungana nami kwenye shimo langu. Waumini hawakuhitaji Papa asiyekosea neno katika mazungumzo. Walihitaji mtu wa kuwaambia neno lipi lina uzito gani, na kwamba neno linaweza kusahihishwa na Kanisa likabaki Kanisa.

Hapo naweka maoni yangu. Naamini sentensi ile ya kwanza haikupaswa kusemwa hadharani, na masahihisho yalikuwa ya haki. Mchungaji akiwa na wasiwasi kwamba ndoa nyingi ni batili, wasiwasi huo una mahali pake: semina za wachumba, mafunzo ya mapadre, majaji wa Rota. Ukiutamka kwa jumla mbele ya vinasa sauti, kila mume aliyechoka anajihesabu ndani ya ile "sehemu kubwa". Lakini pia naamini wale waliomshambulia kwa habari ya Argentina hawakuwahi kukaa uani kwa Mama Deo. Alichokieleza ni nyumba zetu. Kasoro ni kwamba aliyesikia maneno hayo kwa kupitia simu alisikia kibali, wakati Papa alikuwa akisimulia alichokiona.

Kutenganisha ubishi na nyumba ndilo jambo la pili lililosaidia. Wiki tano tulibishana juu ya Papa, na sasa naona ilitufaa kubishana juu yake. Kumjadili Papa hakukutugharimu kitu. Kumwambia Baba Ester "una mke na watoto hapa" kungetugharimu, na tulikuwa tumeshindwa kwa miaka miwili kabla ya ujumbe wowote kufika. Kwenda kwa kaka zake Mama Deo kungetugharimu nauli na heshima, na tulikuwa tumeshindwa kwa miaka 23. Semina zangu nilizifundisha kila mwaka kwa wachumba wenye uwezo wa kufunga harusi. Kwa wale wasio na uwezo sikuwa na somo.

Ucheleweshaji wa wiki tatu uliumiza. Naelewa Kipaimara ni jambo kubwa, lakini katika wiki hizo ndipo Baba Ester alipopata sababu ya kusitisha pesa. Simu moja tu kwa mwenyekiti ingetosha kutuambia tunyamaze mpaka atakapokuja.

Hata uamuzi wa Mama Ester wa kwenda jimboni siuweki kwenye mafanikio yetu. Alikwenda kwa nguvu yake. Tulichofanya ni kumwelekeza njia, na hata hiyo tulimwelekeza mumewe kwanza, kana kwamba swali lilikuwa la mumewe peke yake. Kama ningerudi nyuma, mtu wa kwanza kumtembelea Jumamosi ile ile angekuwa yeye, kabla chai haijapoa.

Juu ya mhudumu wa Komunyo tumezungumza sana kwenye kamati. Wengine wanasema alifuata alichofundishwa: walei wale huambiwa wasitoe Komunyo kwa mtu wanayejua hajafunga ndoa. Wengine wanasema pale mstarini si mahali pa kuamua hali ya mtu, na kwamba alipaswa kutoa, kisha kumwarifu paroko. Mimi niko upande wa pili, lakini namwonea huruma. Alipewa jukumu la kupima dhamiri ya jirani yake kwa sekunde mbili, na hakuna aliyekuwa amemwambia afanye nini siku Mama Deo atakapokuja. Alimwendea baadaye kumwomba msamaha, akakaribishwa, akapewa uji.

Mama Deo alirudi kwenye vitambaa vya altare wiki ile ile aliyofunga ndoa. Kikapu chake kilikuwa bado kiko sakristia, chini ya meza. Jumapili anakaa palepale nyuma upande wa kushoto, ambako mstari ulio karibu ni wa mhudumu. Wakati wa Komunyo hutoka, akavuka njia ya katikati, akaenda kupanga mstari wa padre.